Mkono Kufa Ganzi Usiku: Neva Inayobanwa kwenye Kifundo na Namna ya Kuishi Nayo

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye makundi ya simu ukidai kwamba anayeamka usiku mkono ukiwa umekufa ganzi yuko mbioni kupata kiharusi. Ujumbe mwingine unasema damu yake imekuwa nzito. Wa tatu unamuuzia vitamini. Matokeo yake, watu wamegawanyika. Wapo waliojawa hofu wakakimbilia kupima moyo ilhali moyo wao ni mzima. Na wapo walioizoea hali hiyo mwaka baada ya mwaka: wanaukung'uta mkono, wanarudi kulala, mpaka siku kikombe kinapowaponyoka bila wao kuhisi kwamba vidole vimelegea. Hawa wa pili ndio wanaonisikitisha zaidi, kwa sababu tatizo lao linajulikana, lina vipimo, na lina tiba nzuri likiwahiwa.

Kwa wengi wao, kinachosumbua ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, pale panapovaliwa saa. Madaktari huita hali hii sindromu ya handaki la kapali. Kapali ni vifupa vidogo vinane vilivyopangana kwenye kifundo. Neva ni mshipa wa fahamu. Haupitishi damu, unapitisha taarifa: hisia kutoka kwenye ngozi kwenda ubongoni, na amri kutoka ubongoni kwenda kwenye misuli. Kano ni kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Ukiwa na maneno hayo matatu, yanayofuata hayatakuwa magumu.

Kinachotokea ndani

Gusa kifundo chako upande wa kiganja, kwenye mkunjo wa ngozi. Handaki linaanzia hapo na kuingia kiganjani kwa sentimita chache tu. Sakafu na kuta zake ni vile vifupa vinane, na paa lake ni ukanda mpana, mgumu, usiovutika kirahisi. Ndani mmejaa kano tisa zinazokunja vidole, na pamoja nazo inapita neva moja iitwayo neva ya kati. Lifikirie kama basi dogo lenye abiria tisa wakubwa na mtoto mmoja. Bodi la basi ni la chuma, halitanuki. Abiria wakivaa makoti mazito, yaani utando unaozifunika kano ukivimba hata kidogo, wao wenyewe hawatalalamika. Atakayebanwa mpaka alie ni mtoto. Neva ndiyo laini kuliko vyote vilivyomo humo.

Kubanwa huku kumepimwa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1981 vilionyesha kwamba kwa watu wasio na ugonjwa, shinikizo ndani ya handaki lilikuwa wastani wa milimita 2.5 za zebaki (kipimo kile kile cha presha ya damu) kifundo kikiwa kimenyooka. Kwa wagonjwa lilikuwa 32. Wagonjwa hao walipokunja kifundo kuelekea kiganjani, lilipanda hadi 94. Walipokikunja kuelekea nyuma, lilipanda zaidi ya hapo.

Takwimu hizo zinaeleza jambo linalowashangaza wengi, nalo ni kwa nini adha hii inapenda usiku. Mtu akilala hukunja vifundo bila kujua, akauweka mkono chini ya shavu au chini ya mto, na akakaa hivyo kwa saa kadhaa. Maji ya mwili yaliyokuwa yamejikusanya miguuni mchana husambaa anapolala. Misuli ya mkono haifanyi kazi, kwa hiyo haisaidii kuyasukuma yatoke. Shinikizo linapanda, neva inakosa hewa, na mwenye nayo anazinduka usingizini akiukung'uta mkono. Kitendo hicho cha kukung'uta ni dalili muhimu; mgonjwa akimwonyesha daktari anavyofanya usiku, daktari anakuwa ameshaambiwa mengi.

Hapa ndipo ile kauli ya "damu haipiti" inapopata chembe ya ukweli. Mishipa mikubwa ya damu inayolisha mkono haipiti ndani ya handaki hili, na mkono wa mgonjwa kwa kawaida una joto na mapigo yake kama kawaida. Lakini neva nayo ni kiungo hai chenye vijishipa vyake vya damu, vyembamba mno. Shinikizo likipanda, vijishipa hivyo ndivyo vinavyozibwa kwanza. Ndiyo maana mwanzoni ganzi inakuja na kuondoka: ukinyoosha kifundo, neva inapata damu, hisia zinarudi. Kubana kukiendelea kwa miezi, unaharibika utando wa mafuta unaoizunguka neva na kuisaidia kupitisha taarifa kwa kasi. Kukiendelea zaidi, nyuzi zenyewe za neva zinakufa. Hatua ya kwanza inarekebishika kwa urahisi. Ya pili inachukua muda. Ya tatu mara nyingi huacha kovu la kudumu.

Ganzi iko kwenye vidole gani?

Watu wengi hupima ugonjwa huu kwa ukali wa maumivu, na hapo ndipo wanapopotea. Swali lenye maana zaidi ni ganzi iko wapi hasa. Neva ya kati inahudumia dole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kinahudumiwa na neva nyingine kabisa, isiyopita kwenye handaki hili.

Jaribu hili wakati ganzi ipo. Chukua ncha ya pamba, upapase kidole cha pete upande unaoelekea kidole cha kati, kisha upande unaoelekea kidole cha mwisho. Kwa wagonjwa wengi, kidole kile kile kimoja kinagawanyika katikati: upande mmoja unahisi pamba vizuri, mwingine unaihisi kwa mbali, kana kwamba umevaa glovu. Jambo jingine la kuangalia ni ngozi ya kiganja chini ya dole gumba. Vidole vinaweza kuwa vimekufa ganzi kabisa huku ngozi hiyo ikihisi kila kitu, kwa sababu tawi la neva linaloihudumia hupita juu ya paa la handaki, si ndani yake.

Wapo wanaosema mkono mzima umekufa ganzi, na wapo wanaosikia maumivu yakipanda mpaka kwenye kigasha, hata begani. Hilo halimaanishi wanakosea. Lakini wakiambiwa wachunguze usiku mmoja kwa makini, kidole kimoja baada ya kingine, wengi wao hugundua kwamba kile cha mwisho kilikuwa kizima.

Sasa tukigeuza: ikiwa ganzi iko kwenye kidole cha mwisho na nusu ya pili ya cha pete, tatizo huenda liko kwenye kiwiko, si kwenye kifundo. Ikiwa inashuka kutoka shingoni unapogeuza kichwa, huenda neva imebanwa kwenye uti wa mgongo wa shingo. Ikiwa imeanzia kwenye nyayo za miguu yote miwili kabla ya kufika mikononi, kisukari kinapaswa kupimwa. Na kiharusi? Kiharusi huja ghafla. Mkono unalegea upande mmoja wa mwili, mdomo unaenda upande, maneno hayatoki sawasawa. Hali hiyo haisubiri asubuhi, na mtu akimbizwe hospitali dakika hiyo hiyo. Ganzi inayokuja usiku baada ya usiku kwa wiki kadhaa, kwenye vidole vile vile, na kuondoka ukikung'uta, haina tabia hiyo.

Kliniki daktari anaweza kukuambia ukunje vifundo vyote viwili, migongo ya viganja ikigusana, ukae hivyo kwa dakika moja aone kama ganzi itaamka. Anaweza pia kugongagonga juu ya neva au kuibonyeza kwa kidole. Majaribio haya yanasaidia ila hayatoshi peke yake. Wapo wagonjwa ambao hayawaonyeshi kitu, na wazima ambao yanawatia ganzi. Pakiwa na shaka, au upasuaji ukifikiriwa, hufanyika kipimo cha kasi ya neva, ambamo umeme mdogo hupitishwa kwenye neva na kuonekana unachelewa wapi. Kinasumbua kidogo lakini hakina madhara.

Nani anaupata, na kwa nini

Takriban watu 3 hadi 5 katika kila watu wazima 100 wana ugonjwa huu, na wanawake wanaupata karibu mara tatu ya wanaume. Huwapata zaidi wenye umri wa kati ya miaka 40 na 60. Mara nyingi hakuna sababu moja ya kunyooshewa kidole. Kuna maumbile ya handaki lenyewe, kuna kurithi, kuna uzito wa mwili. Kuna magonjwa yanayovimbisha tishu au kudhoofisha neva: kisukari, tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vya kutosha, baridi yabisi. Kuna kuvunjika mfupa wa kifundo. Daktari Mwingereza James Paget alieleza neva kubanwa baada ya mvunjiko wa namna hiyo tangu mwaka 1854. Ndiyo maana daktari makini anayeona mikono yote miwili imeathirika ataagiza kipimo cha sukari na cha thairoidi. Si kwamba anapoteza fedha zako. Wakati mwingine mikono ndiyo inayotangulia kuutoa ugonjwa nje.

Wajawazito ni kundi la peke yao. Maji yanapoongezeka mwilini, hasa miezi ya mwisho, handaki linajaa. Wengi hupona wiki au miezi michache baada ya kujifungua, kwa hiyo kwao banzi la usiku, yaani kifaa cha kukizuia kifundo kisikunjike, na subira hutangulia mambo mengine. Nasema hivi kwa sababu mama mjamzito anayeshindwa kufunga kifungo cha nguo asubuhi hutishika sana, na mara chache anakutana na mtu wa kumweleza kwamba hali hiyo kwa kawaida hupita.

Na kompyuta? Hili ndilo linalosemwa kuliko yote, na ndilo lenye ushahidi mwembamba kuliko linavyosemwa. Utafiti mkubwa wa Denmark uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuata maelfu ya watumiaji wa kompyuta kwa mwaka mmoja na haukuona kwamba kuandika kwenye kibodi ni hatari kubwa kwa neva hii; kutumia kipanya kwa zaidi ya saa 20 kwa wiki ndiko kulikoonekana kuhusiana na dalili. Kazi zenye ushahidi mzito ni zile zinazounganisha nguvu na marudio: kushika kwa kukaza, kukunja kifundo tena na tena, na hasa kutumia mashine zinazotetemesha mkono kama ya kutobolea mawe au msumeno wa injini. Mfanyakazi wa kiwandani anayekata nyama siku nzima yuko kwenye hatari kuliko karani. Inaniuma kuona ushauri mwingi ukiandikwa kwa ajili ya karani.

Tiba zinazosaidia, na zile zinazokupotezea muda

Kwa dalili nyepesi au za wastani, kinachoanza ni banzi la kifundo: kifaa cha kitambaa chenye ubao wa chuma au plastiki upande wa kiganja, kinachokizuia kifundo kisikunjike. Huvaliwa usiku, kila usiku, kwa wiki sita au zaidi. Neno muhimu ni kunyooka. Mabanzi mengi yanayouzwa yana ubao uliopindwa kuelekea nyuma, na tumeshaona kwamba kukunja nyuma nako kunapandisha shinikizo. Ubao ukiwa wa chuma laini, utoe, uunyooshe, uurudishe. Banzi lisibane, na vidole viachwe huru kukunjika. Kosa jingine ni kulivaa siku tatu, kuona hakuna mabadiliko, na kuliacha. Neva iliyobanwa kwa miezi haiponi kwa siku tatu.

Sindano ya steroidi inayodungwa kando ya handaki hupunguza uvimbe, na wengi hupata nafuu ndani ya siku au wiki chache. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 uliilinganisha na banzi la usiku: baada ya wiki sita waliodungwa walikuwa na nafuu zaidi, lakini baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti kati yao. Kwa maneno mengine, sindano inanunua muda, na kuna watu wanaouhitaji muda huo sana, kwa mfano mama anayenyonyesha anayesubiri maji yapungue mwilini. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa baada ya kudungwa, ajipange kuipima.

Vidonge vya maumivu vya kawaida vinaweza kumsaidia mtu kulala usiku mmoja, lakini havilegezi handaki. Vidonge vya kukojoza maji navyo havijaonyesha faida. Vitamini B6 ndiyo inayouzwa kwa kelele nyingi, na majaribio hayakuonyesha kwamba inautibu ugonjwa huu. Kibaya zaidi, ikinywewa kwa dozi kubwa kwa muda mrefu, vitamini hiyo hiyo huharibu neva na kuleta ganzi. Mtu anakunywa dawa ya ganzi, ganzi inazidi, anaongeza dawa. Kuchua kifundo kwa nguvu, kwa dhana kwamba kuna mshipa uliojikunja wa kunyooshwa, ni kuibana neva iliyokwisha kubanwa. Mazoezi mepesi ya kuitelezesha neva hayana madhara na wengine huona yanawafaa, ingawa ushahidi wake si mkubwa.

Upasuaji unaogopwa kuliko unavyostahili. Wengi wanadhani kano zinakatwa, au kwamba mkono utabaki umelemaa. Kinachokatwa ni ule ukanda ulio paa la handaki, basi. Kano haziguswi. Ukanda ukishakatwa unaachana, handaki linapanuka, na pengo hujazwa na kovu kadiri wiki zinavyopita. Fikra hii haikuzaliwa juzi: mwaka 1913 Wafaransa Pierre Marie na Charles Foix walichunguza mwili wa mzee aliyefariki akiwa na misuli ya dole gumba iliyonyauka, wakaona neva imevimba pale inapoingia chini ya ukanda, na wakaandika kwamba kuukata mapema kungeweza kuzuia hali ile. Leo kazi hiyo mara nyingi hufanyika kwa dakika chache, mgonjwa akiwa macho, kiganja kikiwa kimetiwa ganzi kwa sindano, na anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2002 lililinganisha upasuaji na banzi. Baada ya miezi mitatu, asilimia 80 ya waliopasuliwa walikuwa wamefanikiwa, dhidi ya asilimia 54 ya waliovaa banzi. Baada ya miezi 18 ilikuwa 90 kwa 75, ingawa kufikia hapo sehemu kubwa ya waliopewa banzi nao walikuwa wameshapasuliwa. Mimi nayasoma majibu hayo hivi: banzi lina haki ya kujaribiwa kwanza kwa mwenye dalili nyepesi, lakini asilifanye kisingizio cha kuahirisha upasuaji mwaka mzima ilhali vidole vinazidi kupoteza hisia.

Kuishi nayo kila siku

Wakati tiba ikiendelea, kuna mambo madogo yanayopunguza mateso. Simu iwekwe mezani au kwenye kishikilia badala ya kushikwa kifundo kikiwa kimekunjwa. Usukani na mpini wa kifaa vishikwe kwa nguvu inayohitajika tu, si zaidi. Mpini mwembamba ukizungushiwa kitambaa au sponji unakuwa mnene na hauhitaji kukazwa sana. Kazi ya kurudiarudia ikatwe vipande, mkono upumzike kabla haujalalamika. Mzigo ubebwe kwa kigasha au begani, si kwa kuning'inizwa vidoleni. Na kwa kuwa vidole vilivyokufa ganzi havihisi joto vizuri, pima maji ya moto na sufuria kwa mkono mwingine au kwa kiwiko. Watu huungua bila kujua.

Kuna dalili ambazo ukiziona usiendelee kusubiri. Weka viganja vyote viwili mezani vikitazama juu, uinamishe kichwa mpaka macho yawe usawa wa meza, uangalie kile kinyama kilichotuna chini ya dole gumba. Kikiwa kimebonyea upande mmoja kuliko mwingine, misuli imeanza kunyauka kwa kukosa amri ya neva. Ganzi isiyoondoka mchana wala usiku, na dole gumba lisilo na nguvu ya kugusa ncha ya kidole cha mwisho, nazo zinasema hivyo hivyo. Cha kushangaza, maumivu yanaweza kupungua katika hatua hii, na mgonjwa akadhani anapona, kumbe neva imechoka hata kulalamika. Na aliyevunjika kifundo hivi karibuni, akaona maumivu na ganzi vinazidi saa baada ya saa, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Baada ya upasuaji, vidole huchezeshwa tangu siku ya kwanza na mkono huwekwa juu ili usivimbe. Nyuzi za mshono hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kule kuamka usiku mara nyingi hukoma haraka, wakati mwingine usiku ule ule. Ganzi huondoka taratibu zaidi, na kovu huuma likikandamizwa kwa wiki, hata miezi. Nguvu ya kushika hurudi ndani ya miezi miwili hadi mitatu au zaidi. Anayefanya kazi nzito amwambie mwajiri wake mapema. Wachache hubaki na dalili, na hatari kama uambukizo au kujeruhiwa kwa neva zipo ingawa ni nadra.

Kwa aliyechelewa mpaka misuli ikanyauka, upasuaji bado una maana: humwondolea maumivu ya usiku na huizuia hali isizidi, hata kama kinyama kile hakitajaa tena. Nyuzi za neva zilizokufa hujiotesha upya kwa kasi ya takriban milimita moja kwa siku, kwa hiyo tathmini ya kweli hufanyika baada ya miezi mingi. Na dole gumba likibaki halina uwezo wa kukutana na vidole vingine, madaktari wa upasuaji wa mikono wanaweza kuhamisha kano yenye nguvu kutoka mahali pengine kwenye mkono na kuipa kazi hiyo, ili mtu aweze tena kushika ufunguo na kufunga kifungo.